Kuuliza Si Ujinga: Uwanja wa Kriketi wa Kimataifa, Kuanzia Udongo Hadi Kiti Chako

Barua za safari hii karibu zote zimehusu kriketi, na nyingi zinauliza habari za uwanja kuliko za wachezaji. Zilizofanana tumeziunganisha.

Ndugu wahariri, ni kitu gani hasa kinachoufanya uwanja wa kriketi uitwe wa kimataifa? Ni wingi wa viti?

Viti havihusiki sana. Uwanja wa Narendra Modi ulioko Ahmedabad, India, unachukua watazamaji wapatao 132,000. Basin Reserve wa Wellington, New Zealand, ni mdogo mno kwake, watu wengine hukaa chini kwenye kingo za nyasi, na barabara inauzunguka kama kipilefti. Yote miwili huchezewa Testi, yaani mechi za siku tano.

Kinachoangaliwa na ICC, shirikisho la kriketi duniani, ni sehemu ya kuchezea na huduma zinazoizunguka. Mpaka wa uwanja kwa mechi za wanaume hautakiwi kuwa karibu kuliko mita 59.43 kutoka katikati ya pichi (ule ukanda wa udongo ulioshindiliwa katikati ya uwanja), wala mbali kuliko mita 82.29. Kwa wanawake ni kati ya mita 54.86 na 64.01. Kamba ya mpaka sharti iachane na uzio kwa angalau mita 2.74, na hilo si urembo: mchezaji anayeteleza kuuzuia mpira huvuka kamba akiwa bado na kasi, na bila nafasi hiyo atajigonga ukutani. Baada ya hapo ndipo huangaliwa mifereji ya maji, maturubai, vyumba vya wachezaji, chumba cha mwamuzi wa tatu (anayeamua kwa kutazama marudio ya televisheni), taa kama kuna mechi za usiku, na sehemu za kamera na watangazaji.

Nimeona picha ya uwanja kutoka juu. Katikati kuna mistari mingi ya udongo wa kahawia. Kwani pichi si moja?

Inayochezewa siku hiyo ni moja, lakini uwanja mkubwa huwa na kadhaa zilizolala bega kwa bega. Ahmedabad zipo 11. Kila moja ina urefu wa mita 20.12 kutoka wiketi (vijiti vitatu vinavyosimamishwa kila mwisho) hadi wiketi na upana wa mita 3.05. Pichi ikishachezewa Testi ya siku tano imekwisha nguvu: nyasi zimekufa, viatu vya warushaji vimechimba mashimo, udongo umepasuka. Huhitaji wiki nyingi za kukwaruzwa, kupandwa mbegu upya, kuongezewa udongo na kumwagiliwa. Wakati huo jirani yake ndiyo inayochezewa.

Pichi ya katikati kabisa ndiyo yenye heshima, kwa kuwa mipaka ya pande zote mbili inakuwa karibu sawa na kamera za televisheni zinaitazama kwa mstari ulionyooka. Ikichaguliwa ya pembeni, upande mmoja wa uwanja unakuwa mfupi. Katika T20, mechi fupi ya ova 20 kwa kila timu (ova moja ni mipira sita), manahodha hawaisahau hesabu hiyo hata dakika moja: upande wenye upepo ukiwa ndio mfupi, mrushaji ataambiwa arushe mahali ambapo mpigaji atalazimika kuupeleka mpira upande mrefu.

Sasa huo udongo una siri gani? Mbona wachambuzi huuzungumzia nusu saa kabla ya kura ya sarafu?

Wana haki, maana mpira wa kriketi hudunda chini kwanza ndipo umfikie mpigaji. Ubora wa pichi ni ubora wa mdundo.

Udongo unaotakiwa ni wa mfinyanzi, ule unaoshikana. Ukilowa huvimba, ukikauka hunywea na kuwa mgumu kama tofali. Mtunza uwanja huanza kazi siku kumi au zaidi kabla ya mechi: anamwagilia hadi maji yashuke chini, anasubiri, kisha anapitisha rola nzito siku baada ya siku huku akikata nyasi fupi zaidi kila mara. Mizizi ya nyasi ndiyo nondo za pichi. Huunyonya udongo maji kutoka chini na kuushikilia usimeguke, na ndiyo maana pichi isiyo na mizizi hai hugeuka vumbi mapema hata kama juu ilionekana imeshindiliwa vizuri.

Kosa linalojirudia ni la wakati. Rola ikipita udongo ukiwa umelowa mno, unasukumwa na kukandwa kama unga wa chapati. Tabaka la juu huachana na la chini, na mpira unadunda kivivu. Ikipita udongo ukiwa umeshakauka, rola inatembea tu, haishindilii chochote. Kipindi kinachofaa kati ya hali hizo mbili ni kifupi, na mtunza uwanja mzoefu hukitambua kwa kubonyeza kidole gumba.

Siku ya mechi, mambo husomeka hivi. Pichi yenye unyevu na nyasi za kijani humsaidia mrushaji wa kasi, kwa sababu mshono wa mpira hung'ata nyasi na mpira kubadili uelekeo. Ile kavu yenye rangi ya kijivu humsubiri mrushaji wa kuzungusha, hasa siku ya nne na ya tano nyufa zinapofunguka. Kuna pia mahali ambapo warushaji huchimba kwa miguu wanapotua baada ya kurusha. Mrushaji wa upande wa pili akiuangusha mpira kwenye kovu hilo, hata yeye hajui utakwenda wapi. Kwa hiyo sheria humkataza mrushaji kukanyaga eneo la katikati, lile linaloanza mita 1.52 mbele ya mstari wa mpigaji, sentimita 30 na ushei kila upande wa mstari wa kati. Akiendelea baada ya kuonywa, huondolewa asirushe tena katika zamu hiyo ya timu kupiga.

Mechi ikishaanza, mtunza uwanja hana uhuru mwingi. Nahodha wa timu inayokwenda kupiga anaweza kuomba rola kabla ya zamu kuanza (isipokuwa zamu ya kwanza ya mechi) na kila asubuhi ya siku zinazofuata, lakini isizidi dakika saba.

Je, pichi ikiwa mbovu, uwanja huadhibiwa?

Ndiyo. Mwamuzi mkuu wa mechi huandika ripoti mbili, moja ya pichi na nyingine ya eneo la nje, yaani nyasi zote zilizobaki. Alama ya "hairidhishi" huleta pointi moja ya adhabu, "haifai" huleta tatu. Pointi zikifika sita ndani ya miaka mitano, uwanja hufungiwa mechi za kimataifa kwa miezi 12.

Newlands wa Cape Town ulipata pointi moja Januari 2024. Testi kati ya Afrika Kusini na India ilikwisha kwa mipira 642 tu, Testi fupi kuliko zote zilizowahi kupata mshindi. Hata wenye majina makubwa hawasamehewi: pichi ya Melbourne ilipewa alama ya "duni", chini ya mfumo wa awali, baada ya Testi ya Desemba 2017 kati ya Australia na Uingereza. Kosa lake lilikuwa kinyume cha lile la Cape Town, ambako wapigaji hawakudumu. Ilikuwa imelala usingizi, pichi haikubadilika kwa siku tano, na mechi ikaisha sare. Wengi hudhani pichi mbovu ni ile ya hatari peke yake, kumbe hata inayomnyima mrushaji kila kitu huhesabiwa mbovu.

Nimesikia kuna pichi zinazosafirishwa kwa lori. Ni kweli?

Kweli kabisa. Hukuzwa ndani ya trei kubwa za chuma nje ya uwanja, kisha huingizwa kwa mashine maalumu. Melbourne hutumia mtindo huu kwa sababu uwanja huohuo huchezewa mpira wa miguu wa Kiaustralia wakati wa baridi, na hakuna mchezaji wa mchezo ule anayetaka kuangukia kipande kigumu kama saruji.

Udhaifu wake ulionekana New York mwaka 2024, kwenye Kombe la Dunia la T20. Uwanja wa muda wa watazamaji 34,000 ulijengwa Nassau kwa miezi michache, na pichi zilikuzwa Florida ndipo zikapelekwa kaskazini. Hazikupata muda wa kutulia. Mpira mmoja uliruka kifuani, uliofuata ukapita kifundoni. India walitolewa wote kwa mikimbio (pointi za kriketi) 119 dhidi ya Pakistan na bado wakashinda, maana Pakistan waliishia 113. ICC wenyewe walikiri kwamba pichi hazikuwa na mwenendo mmoja. Mashindano yalipokwisha kule, majukwaa yakafunguliwa na kuondolewa.

Mvua ilikatika tangu asubuhi, jua linawaka, lakini waamuzi wanazunguka tu na miavuli. Kwa nini mchezo hauanzi?

Kwa sababu pichi imefunikwa na turubai, lakini sehemu kubwa ya uwanja haikufunikwa. Waamuzi hukagua pichi, njia za warushaji kukimbilia, na eneo la nje. Sehemu ya mwisho ndiyo inayochelewesha. Mchezaji anayekimbia kasi zote akakanyaga kipande chenye maji chini ya nyasi anaweza kuchana goti, na kipande cha mita mbili tu kinatosha kusimamisha mechi nzima.

Mfano bora ni Kanpur, India, mwaka 2024, Testi ya India na Bangladesh. Siku ya kwanza zilirushwa ova 35. Siku ya pili hakuna mpira hata mmoja uliorushwa. Siku ya tatu mvua haikuwepo wakati wa mchezo, lakini madoa ya maji yalikataa kukauka na siku ikapotea. Pichi yenyewe ilipewa alama nzuri ya "inaridhisha". Eneo la nje ndilo lililoletea uwanja pointi ya adhabu.

Dawa ipo chini ya ardhi. Uwanja wa kisasa huwa na nyasi juu ya tabaka nene la mchanga, chini yake kokoto, na chini ya kokoto mtandao wa mabomba uliopangwa kama mifupa ya samaki, yote yakiinamia mfereji mkuu. Mchanga hupitisha maji haraka. Udongo wa mfinyanzi huyakalia. Lord's wa London ulifumuliwa na kuwekewa msingi wa mchanga mwaka 2002, na tangu hapo watu wameona mechi zikianza muda mfupi baada ya mvua kubwa. Uwanja wa Chinnaswamy wa Bengaluru uliongeza pampu zinazonyonya maji na hewa kupitia mabomba hayo. Sri Lanka wamechagua njia ya mikono mingi: kikosi kikubwa cha watunza uwanja hukimbia na maturubai na kuufunika uwanja wote, kuanzia pichi hadi mpaka.

Turubai nalo lina madhara yake. Likikaa muda mrefu, unyevu wa udongo hupanda na kunaswa chini yake, pichi inatoka jasho. Timu inayoanza kupiga baada ya hapo hupata tabu ya saa moja ya kwanza, na ndiyo sababu nahodha aliyeshinda kura siku ya mawingu hupenda kurusha kwanza.

Wachezaji wenyewe wanapata huduma gani? Mwanangu ana ndoto ya kufika huko. (Mama wa mrushaji chipukizi)

Mama, cha kwanza ni chumba cha kubadilishia nguo chenye roshani inayotazama uwanja. Anayesubiri zamu ya kupiga hukaa pale ili macho yazoee mwanga na aone mpira unafanya nini. Isitoshe, saa inamkimbiza. Wiketi ikianguka, yaani mpigaji akitolewa, mpigaji mpya lazima awe tayari kupokea mpira ndani ya dakika tatu kwenye Testi, dakika mbili kwenye mechi ya ova 50, na sekunde 90 kwenye T20. Angelo Mathews wa Sri Lanka alitolewa kwa kosa hilo mjini Delhi tarehe 6 Novemba 2023, wa kwanza katika historia ya mechi za kimataifa, baada ya kamba ya kofia yake ya chuma kukatika akiwa amekwisha kuingia uwanjani. Sasa unaelewa kwa nini kwenye T20 timu hukaa kwenye mabenchi kando ya mpaka: ngazi za kutoka juu zingemaliza zile sekunde.

Kuna neti za mazoezi, yaani pichi zilizozungushiwa nyavu, za nje na mara nyingi za ndani. Swali la kuuliza kuhusu neti ni kama udongo wake ni uleule wa katikati ya uwanja. Kama sivyo, mpigaji anajizoeza mdundo asioukuta kesho yake. Neti zilizochoka ni hatari kuliko pichi yoyote mbovu, kwani zinatumika kutwa na hazipumzishwi. Mdundo usiotabirika huvunja vidole. Mwanao akianza, hilo ndilo la kuangalia hata kwenye klabu ndogo.

Vingine ni beseni za barafu, meza za tabibu wa viungo, chumba cha daktari na gari la wagonjwa. Anayepigwa kichwani hupimwa palepale, na tangu 2019 timu inaruhusiwa kumbadilisha kwa mchezaji wa aina yake iwapo ana mtikisiko wa ubongo. Simu hukabidhiwa kwa maofisa mlangoni na hurudishwa jioni, ili habari za timu zisiwafikie wachezesha kamari.

Zile mbao kubwa nyuma ya wiketi ni za matangazo?

Matangazo huingia pale tu mpigaji asipouhitaji ubao. Kazi yake ni kumpa mpigaji ukuta wa rangi moja ili auone mpira ukitoka mkononi mwa mrushaji. Mpira mwekundu huhitaji ukuta mweupe, mpira mweupe huhitaji mweusi. Ukimwona mpigaji anapunga mkono na kugoma kucheza, kuna mtu anatembea juu ya ubao huo au kitu kinang'aa karibu yake.

Jua nalo ni adui, na viwanja vingi huelekeza pichi kaskazini hadi kusini ili lisimpige mtu machoni. McLean Park wa Napier, New Zealand, umeelekea mashariki na magharibi. Tarehe 23 Januari 2019, mechi ya New Zealand na India ilisimama kwa sababu ya jua la kuzama. Usiku kazi hiyo ni ya taa. Minara humulika vizuri ila mpira uliopigwa juu ukipita mbele yake hupotea machoni mwa mdakaji. Uwanja wa kimataifa wa Dubai umepanga taa zake kuzunguka ukingo wa paa, na vivuli vimepungua sana.

Nikinunua tiketi, nikae wapi?

Inategemea unataka kuona nini. Nyuma ya mrushaji, juu kidogo ya ubao, utaona mpira unavyopinda kulia na kushoto; hapo ndipo anapokaa mtu anayetaka kuelewa mchezo. Pembeni, sambamba na wiketi, hutaona kupinda, lakini utaona kasi, urefu wa mrusho na wapigaji wakikimbizana kuwahi mstari. Viti vya chini kabisa karibu na kamba ni vya kupigia picha wachezaji. Uwanja ukiwa tambarare, kutoka pale huwezi kujua mpira umekwenda mita 40 au 70. Sisi tungepanda safu ya kumi au zaidi.

Kabla ya kulipa, tazama ramani ya paa na upande wa magharibi. Majukwaa ya magharibi hupata kivuli mchana. Yanayoyakabili hupigwa na jua hadi jioni. Testi ni saa sita za mchezo kwa siku, ova 90, na mapumziko ya chakula dakika 40 na chai dakika 20. Mechi ya ova 50 hula karibu saa nane ukijumlisha mapumziko, T20 saa tatu na kitu. Kwa hiyo kofia, maji kama yanaruhusiwa, na masharti yaliyo nyuma ya tiketi: marejesho ya fedha mvua ikinyesha kwa kawaida hupimwa kwa idadi ya ova zilizochezwa, na si kwa muda uliokaa ukisubiri. Kwenye T20 ova tano kwa kila timu zinatosha kupata mshindi, kwenye mechi ya ova 50 zinatakiwa 20.

Ubao wa matokeo ukiandika 187/4, ni mikimbio 187 na wiketi nne zimeanguka. Ukiwa Australia utaikuta 4/187. Wao wameamua hivyo, msibishane nao.

Nikidaka mpira jukwaani, ni wangu?

La, urudishe. Mpira huchakaa kadiri mechi inavyokwenda, na uchakavu huo ni sehemu ya mchezo. Ukipotea, waamuzi hufungua sanduku la mipira iliyokwishatumika na kutafuta uliochakaa kiasi kilekile.